Lango la Ngome ya Yesu, Mombasa, na Majina Yachongwayo Juu ya Malango

Hotuba iliyosomwa Tabata, mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi, katika maadhimisho ya miaka mia moja ya Usharika



Mtu atembeaye kwa miguu katika vitongoji vya Tabata, kuanzia Relini hadi Kimanga na Segerea, huonana na malango kabla hajaonana na nyumba. Yako malango ya bati yaliyoshikiliwa kwa waya, na yako ya chuma yaliyopakwa rangi nyeusi na ya dhahabu. Juu ya kuta zake vimepandwa vipande vya chupa, na ubavuni limeandikwa onyo la mbwa mkali, ambaye mara nyingine hayupo kabisa. Makanisa nayo yamefuata desturi hiyo. Usharika ukitimiza miaka mia, jambo la kwanza ambalo kamati ya maadhimisho hulipitisha ni ujenzi wa lango jipya, na jambo la pili ni jiwe la marumaru litakalobandikwa hapo. Ugumu huanza na jambo la tatu, yaani majina yatakayochongwa. Kwa kawaida mawe ya namna hiyo hutaja mgeni rasmi aliyelizindua, kiongozi aliyeliombea na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Nafasi ikibaki huongezwa mfadhili. Baada ya hapo jiwe limekwisha.

Basi ni vema, kabla mafundi hawajaitwa, kulitazama lango moja la kale lenye jiwe la namna hiyo juu yake. Dar es Salaam ni mji kijana, na majengo yake makongwe, kama Boma la Kale lililojengwa enzi za Sultani Majid katika miaka ya 1860, hayafikishi karne mbili. Kwa hiyo yapasa kwenda kaskazini, hadi Mombasa, mahali inapoanzia Ndia Kuu. Mtaa huo ni wa zamani sana katika Mji wa Kale, na jina lake kwa Kimvita lina maana ya njia kuu. Wareno waliuita Raposeira. Kutoka mtaani hapo, hatua chache kuelekea baharini, lipo lango la Ngome ya Yesu.

Ngome hiyo ilianza kujengwa mwaka 1593 na kazi kubwa ikamalizika mwaka 1596. Mchoraji wake alikuwa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa msanifu mkuu wa mfalme katika milki ya Wareno huko India. Wareno waliipa jina la Yesu kwa kuwa merikebu zao zilisafiri chini ya msalaba wa Shirika la Kristo. Umbo lake hulinganishwa na mwili wa mwanadamu aliyelala chali, kwa maana wasanifu wa zama zile waliamini kwamba vipimo kamili vya jengo vyapaswa kufuata vipimo vya mwili ambao Mungu aliuumba. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika ngome hiyo, pamoja na eneo lake la hekta 2.36, katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ni ulinganifu huo wa vipimo.

Ni vigumu kwa Mkristo kulitaja jina hilo bila kusita kidogo. Jina lililo juu ya majina yote lilipewa jengo la mizinga. Hilo lilifanyika mchana kweupe, kwa sala na baraka za kanisa, na hakuna kumbukumbu kwamba kuna aliyeona haya.

Ufundi wa jengo lenyewe hauna budi kusifiwa. Ngome imeketi juu ya mwamba wa matumbawe ukingoni mwa bahari, hata mahali pengine haijulikani kwa urahisi mwamba unakomea wapi na ukuta unaanzia wapi. Upande wa bara lilichimbwa handaki kavu. Katika pembe zake nne zimetokeza buruji, nazo zimepewa majina ya watakatifu. Siri ya ujenzi huu imo katika buruji hizo. Ukuta ulionyooka tu una kasoro moja kubwa, kwamba adui akishafika chini yake, askari aliye juu hawezi kumwona wala kumpiga asipojitokeza. Lakini buruji ikitokeza mbele, aliye ndani yake huuona uso wa ukuta wa jirani kutoka ubavuni, na hakuna mahali pa adui kujificha. Wataliano waliibuni kanuni hiyo baada ya kuona jinsi mizinga ilivyobomoa maboma ya kale ya Ulaya, nayo ikaletwa Mombasa ikiwa bado elimu mpya.

Lango liliwekwa kwa hesabu hiyohiyo. Halikuwekwa wazi katikati ya ukuta kama mlango wa jumba la kifalme. Limejibanza ubavuni mwa buruji, ili kila aliyekaribia awe chini ya macho na bunduki za walio juu. Ni kawaida ya ngome zote kwamba lango ndilo sehemu dhaifu. Ukuta unaweza kunenepeshwa kadiri jiwe na chokaa vinavyopatikana, lakini lango halina budi kufunguka, la sivyo walio ndani watakufa njaa na kiu. Kwa sababu hiyo wajenzi hawakutosheka na mbao nzito na misumari ya chuma. Walijenga pia jumba la lango, yaani chumba cha walinzi ambacho mgeni hukipitia kabla hajaingia uani. Kazi ya jumba la lango ni kuchelewesha. Aingiaye husimama, huulizwa habari, hutazamwa uso na mikono, na muda huohuo mlango wa mbele yake bado umefungwa na wa nyuma yake unaweza kufungwa wakati wowote.

Jumba la walinzi lililopo katika lango la Mombasa halikujengwa mwaka 1593. Liliongezwa baadaye, na jiwe lililo juu ya lango husema ni nani aliyeliongeza. Sababu ya kuongezwa kwake haikuandikwa hapo. Kwa kuipata sababu hiyo yabidi kurudi nyuma miaka michache.

Mfalme wa Mombasa wa ukoo wa Malindi, Hassan bin Ahmad, alikosana na nahodha Mreno wa ngome, akakimbilia bara upande wa Rabai, na huko akauawa mwaka 1614 kwa njama ya Wareno. Mwanawe mdogo, Yusuf, alichukuliwa akapelekwa Goa. Huko alilelewa na watawa wa Shirika la Mtakatifu Agostino, akabatizwa na kupewa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akafunzwa ubaharia na vita, akaoa. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa kuketi katika kiti cha baba yake, akiwa mfalme Mkristo katika mji wa Waislamu, chini ya manahodha walewale ambao mmoja wao alikuwa amemuua baba yake. Wasimulizi wa Kireno husema kwamba alionekana akisali kwa desturi ya Kiislamu kaburini kwa baba yake, na kwamba nahodha alikusudia kumshitaki Goa.

Katikati ya Agosti 1631, siku za sikukuu ya Maria, mfalme huyo aliingia ngomeni pamoja na watu wake. Lango halikuvunjwa. Alifunguliwa kwa kuwa alijulikana, alikuwa mfalme, na alikuwa amebatizwa. Alimuua nahodha Pedro Leitão de Gamboa kwa mkono wake, na mji wa Wareno ukashika moto. Akarudi katika Uislamu, na Wakristo waliokuwamo mjini wakapewa nafasi ya kuchagua kati ya kuikana imani na kufa. Wengi walichagua kufa. Walikuwamo watawa wa Agostino, waliokuwa na nyumba yao mjini tangu mwaka 1597. Walikuwamo Wareno wanaume, wanawake na watoto. Walikuwamo pia Waafrika wa Pwani hii waliobatizwa, wake kwa waume, baadhi yao wakiwa watumwa au wake wa Wareno, ambao hakuna mfalme wa Ulaya aliyekuwa na deni lolote kwao. Hao wangeweza kutamka maneno machache wakarudi kwa jamaa zao, kwa maana nyumba za jamaa zao zilikuwa pale pale mjini. Hawakuyatamka.

Msomaji wa historia hapaswi kuifanya habari hii kuwa nyepesi kuliko ilivyo. Yusuf bin Hassan hakuwa mnyama. Alikuwa mtoto aliyeporwa baba, kisha akaporwa jina, kisha akalelewa na watu waliompenda kwa namna yao na waliotarajia kwamba ubatizo ungefuta kumbukumbu ya damu. Ubatizo haukuwekwa kwa kazi hiyo. Na wale waliokufa hawakuwa na hatia ya kifo cha baba yake, hasa wale Waafrika. Pande zote mbili za ukuta ule zilikuwa na kilio cha haki, na wa kwanza kutenda dhuluma ndio hao waliolipa jengo lao jina la Yesu.

Wareno walituma merikebu kutoka Goa mwaka 1632, zikashindwa kuitwaa ngome. Baadaye mwaka huohuo Yusuf aliiacha baada ya kuiharibu, akaishi baharini akiwinda merikebu za maadui zake, akafa mwaka 1638. Wareno wakairudia ngome iliyobomolewa.

Ndipo akaja Francisco de Seixas de Cabreira. Jiwe lililo juu ya lango, lenye tarehe ya 1639 na maandishi ya Kireno, hueleza kwamba mwaka 1635, akiwa na umri wa miaka 27, alifanywa nahodha wa ngome hii kwa miaka minne, na kwamba aliijenga upya na kuongeza jumba hili la walinzi. Baada ya hayo hufuata orodha ndefu ya matendo yake. Aliitiisha Pwani iliyoasi pamoja na mfalme wake, ambaye jiwe humwita dhalimu. Aliwatoza kodi wafalme wa miji ya kaskazini. Aliiadhibu Pate na Siyu kwa kubomoa kuta zao, adhabu ambayo, kwa majivuno ya jiwe, India ilikuwa haijaiona. Aliwaadhibu watu wa bara waishio nyuma ya Mombasa. Huko Pemba aliwaua viongozi na wakuu wa kisiwa kwa amri yake mwenyewe. Hatimaye jiwe hutaja vyeo na heshima ambazo mfalme alimtunukia kwa kazi hizo, pamoja na madaraka aliyoahidiwa huko Seilani.

Wapendwa, jiwe hilo husema mengi likilinganishwa na jengo lililo chini yake. Jengo ni la hofu. Jumba la walinzi liliongezwa miaka michache tu baada ya mtu anayejulikana kufunguliwa lango na kuingia na kisu, na haihitaji msanifu kuona kwamba walioliongeza walikuwa wamejifunza kutomwamini hata rafiki. Maandishi yaliyo juu ya jumba hilo ni ya ushindi mtupu. Mgeni aingiaye hupita chini ya fahari na kusimama ndani ya woga, kwa hatua tatu au nne tu.

Aidha, jiwe limewaacha watu wengi. Baba yake Yusuf hakutajwa wala sababu ya uasi. Nahodha aliyeuawa hakutajwa, ingawa alikuwa mtangulizi wa mwandishi katika kazi ileile. Wakristo waliokufa kwa ajili ya jina ambalo ngome inaitwa kwalo hawakutajwa hata kwa neno moja. Nafasi haikukosekana, kwa kuwa vyeo vya Cabreira vilipata nafasi. Hata fundi aliyelichonga jiwe, na vibarua waliolichoma tumbawe kupata chokaa, wakabeba maji na mchanga, wamekwenda bila jina. Kwa bahati njema jiwe si kumbukumbu pekee. Huko Goa mashahidi waliookoka walihojiwa kuhusu vifo vile, na maneno yao yakaandikwa. Habari za Waafrika wale zimesalia kwa sababu ya karatasi hizo, ilhali lango lilipitwa kila siku na watu ambao hawakuwajua.

Historia ya baadaye ya lango hilo yaweza kupitiwa kwa haraka. Waomani waliizingira ngome tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, na njaa pamoja na maradhi viliua walinzi wengi zaidi kuliko mizinga. Wareno walirudi mwaka 1728 na kufukuzwa na wenyeji mwaka uliofuata. Wakaja Mazrui, kisha Sayyid Said mwaka 1837, kisha Waingereza wakaipiga kwa mizinga kutoka baharini mwaka 1875. Huhesabiwa kwamba kati ya mwaka 1631 na 1875 ngome ilipotea na kutwaliwa mara tisa. Jambo la kustaajabisha kwa mtazamaji wa majengo ni kwamba jumba lile la walinzi, ambalo liligharimu jasho jingi, halikuamua vita hivyo. Mara nyingi ngome iliangushwa kwa njaa, na wakati mwingine kwa hila au kwa mapatano.

Kuanzia mwaka 1895 hadi 1958 serikali ya Kiingereza iliitumia ngome kuwa gereza. Hapo lango lilifanya kazi mpya, ya kuwazuia watu wasitoke. Na hapo pia linatokea jambo la lugha ambalo Wakristo waongeao Kiswahili wangefaa kulijua. Wanazuoni wa lugha huonyesha kwamba neno gereza limetokana na neno la Kireno igreja, ambalo maana yake ni kanisa. Wenyeji wa Pwani waliwasikia Wareno wakilitaja kanisa lililokuwa ndani ya ngome zao. Misingi ya kanisa moja la namna hiyo huonekana hadi leo katika ua wa ngome ya Mombasa. Baadaye wakaona ngome hizohizo zikifungia watu, na neno likahama pamoja na matumizi ya jengo. Kule Kilwa Kisiwani ngome ya kale huitwa Gereza mpaka sasa.

Kireno kimeacha maneno mengi katika Kiswahili, na mengi ni ya furaha: meza, leso, bendera, karata, mvinyo. Kila Jumapili Wakristo hukaribishwa katika Meza ya Bwana kwa neno lililoachwa na watu wale. Lakini neno lao la kanisa halikubaki kuwa kanisa. Maneno kanisa na msalaba yalipatikana kwa njia ya Kiarabu, na neno lililosikika likitoka nyuma ya lango lile liliwaendea wafungwa. Hakuna baraza la wamisionari lililokaa kuamua hivyo. Watu wa kawaida, sokoni na bandarini, waliitazama nyumba ile, wakaona jinsi lango lake lilivyofunguka na kwa ajili ya nani, na wakaipa jina wanalolijua. Ushuhuda huo wa lugha ni mzito kuliko jiwe la Cabreira, na haukumgharimu mtu hata pesa moja.

Miaka 213 baada ya vifo vya 1631, yaani mwaka 1844, alifika Mombasa mtu mwingine aliyelitaja jina la Yesu. Ludwig Krapf alikuwa Mjerumani aliyelelewa katika Kanisa la Kilutheri la Württemberg na kufunzwa Basel, ingawa alitumwa na chama cha misheni cha Waanglikana. Ngome wakati huo ilikuwa mikononi mwa askari wa Sultani wa Zanzibar. Krapf hakuwa na ngome. Katika miezi michache ya kwanza alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga ng'ambo ya kisiwa, Julai 1844. Mwaka 1846 aliungana naye Johannes Rebmann, Mwürttemberg mwenzake, wakajenga kituo Rabai, katika nchi ileile ambako baba yake Yusuf aliuawa. Mwaka 1848 Rebmann akawa Mzungu wa kwanza kuandika habari za kuuona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Na mtu wa kwanza kubatizwa kwa kazi yao alikuwa Mringe, mlemavu, aliyebatizwa akiwa karibu kufa.

Tukio hilo halikuchongwa juu ya lango lolote. Jina la Mringe limejulikana kwa sababu Krapf aliliandika katika daftari zake. Laiti Krapf angekuwa na tabia ya Cabreira, angeandika habari zake mwenyewe tu, nazo zilikuwa nyingi na za kuvutia. Mkondo wa Injili ulioifikia Dar es Salaam kwa mmisionari Greiner wa Misheni ya Berlin mwaka 1887, na ambao matunda yake ni sharika za Pwani zinazokutana leo, ulitokea upande huo wa daftari.

Biblia nayo inayo orodha yake ya wajenzi wa malango. Sura ya tatu ya kitabu cha Nehemia si sura ipendwayo na wahubiri, kwa kuwa imejaa majina magumu kuyasoma. Lakini katika sura hiyo kuhani mkuu Eliashibu na ndugu zake wanatajwa kwa Lango la Kondoo, na mara hufuata mfua dhahabu, mtengeneza marashi, wakuu wa mitaa na wafanya biashara, kila mmoja na kipande chake cha ukuta. Wakuu wa Tekoa waliokataa kuinama wametajwa pia, jambo ambalo kamati nyingi za ujenzi zisingethubutu. Malkiya, mtawala wa wilaya, alipewa Lango la Jaa, na akalijenga na kulitia milango na makomeo kama wenzake. Wakazi wa Tabata, ambao miaka mingi waliishi na jaa kuu la Jiji hadi wakalipeleka shauri mahakamani mwaka 1988, wataelewa kuliko wengine heshima ya mtu anayekubali lango la namna hiyo. Nehemia mwenyewe, aliyekuwa liwali na aliyeleta kibali cha mfalme na mbao za malango, hakujiweka katika orodha hiyo. Majina ni ya waliobeba mawe.

Hata orodha hiyo ina pengo. Inasemwa kwamba Shalumu alijenga pamoja na binti zake, na majina ya binti hao hayakuandikwa. Mabinti walibeba mawe, wakasimama juani, wakaingia katika Maandiko Matakatifu, nao wametajwa kwa jina la baba yao.

Walutheri wana mlango wao maarufu, ule wa Kanisa la Ngome huko Wittenberg, unaohusishwa na hoja za Luther za mwaka 1517. Mbao za mlango huo ziliteketea vitani mwaka 1760. Milango iliyopo sasa ni ya shaba nyeusi, iliwekwa mwaka 1858 na mfalme wa Prussia, na hoja zote zimesubiwa juu yake kwa Kilatini. Ni kazi nzuri ya mafundi. Lakini kilichoenea Ulaya kilikuwa karatasi zilizopigwa chapa, na mlango wa shaba ulikuja wakati kila mtu alikuwa amekwisha kuzisoma.

Kwa usharika unaotimiza miaka mia, habari hizi zina upande wake wa vitendo. Watu waliouanzisha wengi wao hawakuwa na cheo. Walikuwapo wanawake waliobeba maji ya kuchanganyia udongo, vijana waliofyatua matofali, wainjilisti waliotembea kwa miguu na kulipwa kwa mihogo, na mabawabu waliolala getini kwa miaka mingi na kuondoka bila kuagwa. Majina ya baadhi yao yamo katika vitabu vya ubatizo na vya ndoa, na katika daftari za sadaka, ambazo wino wake hufifia na karatasi zake huliwa na mchwa. Mengine yamo vichwani mwa wazee waliokwisha kupita umri wa miaka themanini. Jiwe la lango laweza kuchongwa mwaka huu au mwaka ujao bila kuharibika kitu. Wazee hao hawatangoja vivyo hivyo, na daftari hizo zimekwisha kupoteza kurasa.

Kazi ya kuandika yaweza kuanza na akina mama. Watafutwe walio hai, waulizwe majina ya mama zao na bibi zao waliobeba maji yale, na waandikwe kwa majina yao wenyewe, yale waliyopewa kisimani pa ubatizo, si kwa majina ya waume zao wala ya baba zao.